Atomu Tatu Zinazoshikana Pale Mbili Zinaposhindwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijaandika hesabu yoyote ubaoni, naomba mtazame mikono yangu. Nina nyuzi tatu: mwekundu, mweupe na wa buluu. Nazisuka kama mtu anayesuka nywele. Wa kulia unapita juu ya wa kati, kisha wa kushoto unapita juu ya wa kati, na kurudia. Baada ya mara sita nimepata msuko. Naushika huku na huku, nauvuta, hauachii. Sasa nauchomoa uzi wa buluu, taratibu. Tazameni zilizobaki. Hazijasokotana hata kidogo. Zimelala sambamba, na nikipuliza zinaachana.

Kwa hiyo mwekundu haukuwa umeshikana na mweupe. Mweupe haukuwa umeshikana na wa buluu, wala wa buluu na mwekundu. Hapakuwa na jozi hata moja iliyoshikana, lakini zote tatu kwa pamoja zilishikana. Ukiuchukua msuko huu wa mara sita na kuunga kila uzi ncha kwa ncha, unapata pete tatu ambazo wanahisabati huziita pete za Borromeo, kwa jina la ukoo wa Italia ulioziweka kwenye nembo yake.

Mada yetu jioni hii ni atomu zinazofanya mlichokiona, ila bila uzi wala fundo. Atomu mbili zinakutana na haziwezi kushikana. Inakuja ya tatu, zote zinashikana. Ondoa yoyote, mbili zinazobaki zinatawanyika. Zikiwa katika mfungamano huo tunasema ziko katika hali ya Efimov, kwa jina la Vitaly Efimov, mwanafizikia wa nadharia aliyeitabiri mwaka 1970 akiwa Leningrad. Ilipita miaka 36 ndipo ikaonekana maabara. Na ilipoonekana, haikuonekana kwa atomu zilizokuwapo, bali kwa atomu zilizotoweka. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ndilo linalosahauliwa upesi watu wanaposimulia habari hii, na kwangu ndilo lenye uzuri kuliko yote.

Tuanze na mbili. Atomu mbili zisizo na chaji zikiwa karibu huvutana kidogo, na zikisogeleana mno husukumana kwa nguvu. Mvuto huo hauendi mbali: kwa atomu za seziamu, ukishapita nanomita 5 hivi (nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni) umekwisha kuwa dhaifu sana. Ukiwa na nguvu ya kutosha, atomu mbili hufungamana zikawa molekuli. Usipotosha, zinapishana tu. Katikati ya hali hizo mbili pana ukingo, mahali ambapo mvuto ukiongezwa punje tu jozi ingefungamana, na ukipunguzwa punje tu isingefungamana. Kwa fizikia ya mawe na mipira, ukingo huo hauna la ajabu. Kwa fizikia ya kwanta una ajabu kubwa, kwa sababu atomu ni wimbi, na wimbi hufika mbali kuliko nguvu iliyolisukuma.

Jambo hili hupimwa kwa namba moja, nayo ni urefu wa mtawanyo. Chukulieni kuwa ni jibu la swali hili: atomu ikiijia nyingine polepole sana, itaiona kana kwamba ina ukubwa gani? Tukikaribia ukingo, urefu wa mtawanyo unapaa bila kikomo. Ukiwa chanya na mkubwa, ipo molekuli ya atomu mbili, pana na dhaifu. Ukiwa hasi, molekuli hiyo haipo kabisa. Shikeni neno hasi, kwa sababu upande huo ndio wenye msuko wetu.

Efimov hakuwa akiwaza atomu baridi. Mwaka 1970 hazikuwapo za kuwaza. Alikuwa akiwaza viini: kiini cha tritiamu chenye protoni moja na neutroni mbili, na kiini cha kaboni, ambacho unaweza kukitazama kama viini vitatu vya heliamu vilivyokaa pamoja. Akajiuliza chembe tatu zinafanya nini pale kila jozi inapokuwa kwenye ukingo ule. Jibu alilolipata ni hili: ikiwa ni bosoni tatu za aina moja, yaani chembe zinazokubali kukaa pamoja katika hali moja, hazina hali moja ya kufungamana, wala mbili. Zina hali zisizo na idadi. Kila hali ni pana kuliko iliyotangulia kwa mara 22.7, na nishati inayoifunga ni dhaifu kwa mara 515, ambayo ni 22.7 ikizidishwa kwa yenyewe. Ni ngazi, na kila kipandio kina sura ile ile ya kilicho chini yake, kimetanuliwa tu.

Mimi nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Nikarudia hesabu yote kwa kalamu. Ilikuwa sahihi, lakini bado sikuelewa. Kuelewa kulikuja nilipoonyeshwa njia nyingine ya kulitazama, na hiyo ndiyo nitakayowapitisha, hata kama itachukua muda.

Badala ya atomu tatu sawa, chukueni mbili nzito na moja nyepesi. Zile nzito tuziweke mbali, kwa umbali ambao tutauita R, na tuzishikilie zisiondoke. Nyepesi iko huru. Kati yake na kila nzito, mvuto uko kwenye ukingo: nyepesi na nzito moja peke yao hawafungamani. Lakini sasa wimbi la nyepesi lina mahali pawili pa kushika. Sehemu yake imeizunguka nzito hii, sehemu nyingine imeizunguka ile, na katikati sehemu hizo zinajumlishana. Kwa kujumlishana huko, nyepesi inapata kifungo ambacho hakuna nzito hata moja ingeweza kuipa peke yake. Zile nzito zikisogezwa karibu, kifungo kinakaza. Zikiachana, kinalegea. Maana yake ni kwamba nzito mbili ambazo hazigusani, na ambazo kwa umbali huo hazina mvuto wowote wa kwao, sasa zinavutwa pamoja. Kinachozivuta ni ile nyepesi inayoshinda ikienda na kurudi kati yake.

Je, mvuto huo una kiasi gani? Hapa ndipo ninapoomba utulivu wenu. Nishati ya wimbi lililobanwa mahali hutegemea upana wa mahali hapo: upana ukiongezeka mara mbili, nishati inashuka hadi robo. Basi tutafute upana unaohusika. Masafa ya nguvu yenyewe? Ni mafupi mno, hayana sauti hapa. Urefu wa mtawanyo? Hauna kikomo, na kitu kisicho na kikomo hakiwezi kuwa kipimo. Kilichobaki ni R peke yake. Kwa hiyo mvuto lazima upungue kwa mraba wa R. Hauna njia nyingine ya kupungua. Sasa kumbukeni kuwa hata zile nzito ni mawimbi, nazo kuzibana ndani ya umbali R kuna gharama yake ya nishati. Gharama hiyo nayo hupungua kwa mraba wa R.

Mvutaji na mpingaji wanafuata kanuni moja. Mvutaji akimshinda mpingaji kwa umbali wa nanomita 50, atamshinda kwa uwiano ule ule kwa nanomita 500, na kwa mikromita 500. Mfumo huu hauna rula ndani yake. Haujui mdogo ni upi na mkubwa ni upi. Ndiyo maana ukipata hali moja ya kufungamana lazima upate na nyingine iliyotanuliwa, na nyingine, bila mwisho.

Kwa bosoni tatu zenye masi sawa, njia ni ndefu zaidi kwa sababu hakuna anayeweza kushikiliwa wakati wengine wanakwenda, lakini inafika pale pale. Kutoka kwenye hesabu hiyo inatoka namba 1.00624. Ukigawanya pai kwa namba hiyo, kisha ukaifanya kuwa kipeo cha namba e ya wanahisabati, ambayo ni 2.718 hivi, unapata 22.7. Haitokani na seziamu wala lithiamu wala atomu yoyote iliyo kwenye jedwali. Inatokana na utatu wenyewe.

Chini, ngazi inaishia wapi? Swali hili lilikuwa limeguswa mapema. Mwaka 1935, Llewellyn Thomas alionyesha kwamba ukizipa chembe tatu nguvu yenye masafa ya sifuri, zitaangukia ndani bila kusimama, na nishati yao ya kufungamana haitakuwa na kikomo. Yeye alitumia jambo hilo kusema nguvu ya ndani ya kiini haiwezi kuwa na masafa ya sifuri. Sisi tunalisoma kwa upande wa pili: masafa halisi ya nguvu ndiyo yanayoweka kipandio cha kwanza, na kuanzia hapo namba 22.7 inachukua usukani.

Kwa nini basi miaka 36? Kwa sababu viini havikufaa. Viini vya heliamu vina chaji, na chaji husukumana kwa umbali mrefu ikaharibu kila kitu. Neutroni na protoni ziko karibu na ukingo, lakini si karibu vya kutosha: urefu wao wa mtawanyo unapita masafa ya nguvu yao kwa mara kumi hivi, na kipandio kimoja tu cha ngazi kinadai mara 22.7. Kipo kiini cha lithiamu-11, ambacho kwa kweli ni msuko kama huu wa mkononi mwangu, kwani ukikitoa neutroni moja ya zile mbili za nje, ya pili nayo haikai. Wengine husema kufanana huko kunatosha. Mimi nasema hakutoshi. Msuko ni jambo moja, ngazi ni jambo lingine, na Efimov alitabiri ngazi.

Kilichohitajika ni chembe ambazo ukingo wao unaweza kuusogeza kwa mkono. Atomu baridi zilitupa hilo.

Seziamu katika joto la kawaida la chumba hukimbia kwa zaidi ya mita 200 kwa sekunde, na wimbi lake ni fupi kuliko atomu yenyewe. Ipoze hadi nanokelvini 10, yaani digrii moja iliyogawanywa mara milioni mia, juu ya sifuri halisi, ile baridi ya mwisho kabisa. Sasa inatambaa milimita moja na ushei kwa sekunde, na wimbi lake lina upana wa mikromita 1.5. Atomu zimekuwa mawimbi mapana yanayoingiliana, na polepole kiasi kwamba urefu wa mtawanyo ndio pekee unaoamua zitakutana vipi. Mbinu za kufika huko zilipata Tuzo ya Nobel mara mbili: mwaka 1997 kwa upozaji wa leza, na mwaka 2001 kwa kondenseti ya Bose na Einstein, wingu baridi ambalo atomu zake zote ziko katika wimbi moja, iliyopatikana mwaka 1995.

Kitufe chenyewe ni uga wa sumaku. Atomu mbili zinazokaribiana zina sumaku yake. Molekuli ambayo zingeweza kuwa ina sumaku tofauti kidogo. Ukibadilisha uga, nishati ya moja inapanda kuliko ya nyingine, hadi zinalingana. Zikilingana, uko kwenye ukingo. Hii huitwa resonansi ya Feshbach, na mwaka 1998 kundi la Wolfgang Ketterle katika chuo cha MIT, Marekani, liliionyesha katika kondenseti ya sodiamu. Tangu siku hiyo, urefu wa mtawanyo umekuwa kitu unachokichagua kwa kugeuza mkondo wa umeme kwenye koili.

Sasa niwaingize maabara. Yuko mtu mbele ya meza iliyojaa vioo na lenzi. Katikati kuna chumba cha ombwe, kidogo, chenye madirisha ya kioo. Leza zinakusanya atomu za seziamu, zinazipoza, kisha mtego wa mwanga unazipokea. Mtego unalegezwa kidogo kidogo, zile zenye kasi zinatoka, zilizobaki zinazidi kupoa, kama kikombe cha kitu cha moto kinachopoa kwa mvuke wake. Uga unawekwa kwenye namba iliyochaguliwa. Kisha mtu yule anasubiri. Muda ukifika, leza moja inamulikwa kupitia mtegoni hadi kwenye kamera. Panapokuwa na atomu, mwanga unanyonywa, na kamera inaona kivuli. Kivuli kizito ni atomu nyingi, kivuli chepesi ni atomu chache. Picha ikishapigwa, wingu limeharibika. Anaanza upya tangu mwanzo, kwa uga uleule na muda mrefu zaidi, au kwa uga mwingine. Siku nzima, usiku mzima, kivuli baada ya kivuli.

Anachokihesabu ni waliopotea. Atomu tatu zikikutana, mbili zinaweza kuwa molekuli iliyofungamana kwa nguvu, na nishati inayotoka inabebwa na ya tatu. Zote zinapata msukumo mkubwa na kuruka nje ya mtego. Kwa miaka mingi upotevu huu ulikuwa kero: uliharibu mawingu ambayo watu walitumia muda mwingi kuyapoza, na seziamu ilikuwa na sifa mbaya kuliko nyingi. Upotevu huo hukua kwa kipeo cha nne cha urefu wa mtawanyo, yaani ukiuongeza mara mbili, atomu zinapotea kwa kasi mara 16. Yeyote mwenye akili timamu alijitahidi kukaa mbali na maeneo hayo.

Lakini tazameni kinachotarajiwa upande wa hasi. Ukiwa mbali na ukingo, hakuna hali ya watatu. Ukiusogelea, pana mahali ambapo kipandio cha kwanza kinazaliwa, na kinazaliwa na nishati ya sifuri, sawasawa na nishati ya atomu tatu zilizo huru. Hapo atomu tatu zinazopita zinaingia humo bila kizuizi, zinakaa karibu karibu kwa muda, na kutoka hapo zinaangukia kwenye molekuli ya ndani na kuruka nje. Kwa hiyo upotevu usipande tu kwa utaratibu wa kipeo cha nne. Uwe na kilele mahali hapo. Kilele cha atomu zinazotoweka, kwenye upande ambao molekuli dhaifu ya atomu mbili haipo.

Kundi la Rudolf Grimm huko Innsbruck, Austria, lilikiona kilele hicho na kukitangaza mwaka 2006. Atomu za seziamu, nanokelvini 10, urefu wa mtawanyo wa hasi 850 ukipimwa kwa nusukipenyo cha Bohr, kipimo cha ukubwa wa atomu ya haidrojeni; kwa jumla urefu huo ni kama nanomita 45. Kero ndiyo iliyoleta habari. Hakuna aliyeiona ile hali ya watatu kwa jicho, wala kwa kamera. Ilijulikana kwa pengo iliyoliacha.

Naona mkono umeinuliwa. Dada yangu anauliza: kilele kimoja kinathibitishaje ngazi? Swali zuri, na liliulizwa na wengi. Jibu la kweli ni kwamba hakithibitishi. Kinaonyesha kipandio kimoja, mahali panapotarajiwa, chenye umbo linalotarajiwa. Ngazi inahitaji cha pili.

Na cha pili ni kigumu, mtaona kwa nini. Zidisheni 850 kwa 22.7 mnapata zaidi ya 19,000. Hiyo ni kama mikromita moja. Atomu tatu, kila moja ikiwa na upana usiofika nanomita moja, zinashikana katika eneo linalokaribia upana wa bakteria. Kwa ukubwa huo, joto dogo tu linafuta kilele, na uga wa sumaku lazima utulie kwa usahihi mkubwa, kwani karibu na ukingo urefu wa mtawanyo hubadilika ghafla. Kundi lile lile la Innsbruck lilitangaza kukiona mwaka 2014. Walipima uwiano wa vipandio viwili wakapata 21.0, na shaka ya 1.3 huku na huku. Namba ya Efimov inakaa kando kidogo ya ukingo wa shaka hiyo, na marekebisho yanayotokana na masafa halisi ya nguvu yanatarajiwa. Nilipoiona 21.0 nilikaa kimya muda mrefu. Ni namba iliyotoka kwenye kalamu mwaka 1970, kwa ajili ya viini, na hii hapa kwenye vivuli vya seziamu.

Mwaka huo huo, makundi mawili, moja la Chicago na lingine la Heidelberg, yalitumia njia ya busara zaidi. Rudini kwenye picha yetu ya nzito mbili na nyepesi moja. Kadiri nyepesi inavyokuwa nyepesi, ndivyo mvuto inaouleta unavyozidi nguvu kuliko upinzani wa nzito, na vipandio vinasogeleana. Kwa seziamu mbili na lithiamu moja, 22.7 inashuka hadi 4.88. Chicago waliona vilele vitatu mfululizo. Hapo sasa unaweza kuiita ngazi bila kusita.

Kwa fermioni, aina ya pili ya chembe, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mbili za aina moja hazikubali kukaa pamoja. Nzito lazima zizidi nyepesi kwa masi zaidi ya mara 13.6 ndipo ngazi ipatikane. Hilo nalipita. Lipo pia jambo jingine: kila hali ya watatu huandamana na hali mbili za atomu nne, na Innsbruck waliziona mwaka 2009, kwa vilele vya upotevu vile vile.

Lakini kuna jambo moja ambalo nadharia haikulitabiri, na sitalipita. Nilisema masafa halisi ya nguvu ndiyo yanayoweka kipandio cha kwanza. Tulidhani mahali hapo patakuwa tofauti kwa kila atomu, kwa sababu kwa ndani atomu ni fujo, kila moja na tabia zake. Mwaka 2011 vipimo vya seziamu kwenye resonansi kadhaa tofauti vilionyesha kipandio cha kwanza kinatokea karibu mahali pale pale. Vikalinganishwa na lithiamu, potasiamu na rubidiamu. Kila mara, urefu wa mtawanyo kwenye kilele cha kwanza ulikuwa karibu mara 9 ya masafa ya ule mvuto dhaifu kati ya atomu mbili. Sababu iliyopatikana baadaye ni kwamba atomu tatu zikijaribu kukaribiana hadi umbali huo, mawimbi yao yanarudishwa nyuma kana kwamba yamegonga ukuta, hata kabla ya kufika kwenye fujo ya ndani. Hazifiki mahali ambapo zingetofautiana.

Kuna mtu atasema: vivuli na mapengo, sawa, lakini je, kuna aliyeziona atomu tatu zenyewe? Yupo. Heliamu haihitaji kitufe. Kwa asili yake inakaa karibu na ukingo, ila upande wa chanya, ambako hata jozi hufungamana kidogo. Molekuli ya heliamu mbili ina upana wa nanomita 5 hivi na ni dhaifu kuliko karibu zote tunazozijua. Mwaka 2015, huko Frankfurt, Ujerumani, watafiti walichukua mkondo wa heliamu baridi na kuupiga kwa mpigo mkali wa leza. Mpigo uling'oa elektroni moja kutoka kila atomu ya utatu, kwa mpigo huo mmoja. Atomu tatu zenye chaji ya aina moja zikasukumana na kulipuka. Wakapima kila moja ilikoelekea na kasi yake, wakarudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye umbo la kabla ya mlipuko. Wakaipata hali ya juu ya heliamu tatu, ile ya Efimov: mara nyingi mbili zimekaa karibu kiasi na ya tatu iko mbali. Hata hapa, ili kuziona ilibidi kuzivunja.

Mzee wetu wa mstari wa mbele anauliza kama tutaviona vipandio vingine vya seziamu. Tukokotoe pamoja. Cha tatu kinadai urefu wa mtawanyo wa mikromita 24 hivi. Cha nne, zaidi ya nusu milimita, ambacho ni ukubwa wa punje ya mchanga. Tatizo si kuvifikiria. Kila kipandio ni dhaifu kwa mara 515, kwa hiyo joto nalo lazima lishuke kwa kiasi kama hicho: kutoka nanokelvini chache hadi pikokelvini chache. Na mtego wenyewe unageuka kuwa adui, kwa sababu wingu zima la atomu linakuwa na upana unaofanana na hali unayoitafuta. Unakuwa umeupa mfumo rula, wakati uzuri wake wote ulikuwa kutokuwa nayo. Mtego ukilegezwa mno hapa duniani, uvutano unaziangusha atomu chini. Ndiyo sababu mojawapo ya kupeleka maabara ya atomu baridi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, yenye rubidiamu na potasiamu, ambako mtego unaweza kuwa dhaifu sana na atomu zisianguke. Kwa seziamu, mzee wangu, sioni kipandio cha tatu kikija upesi. Kwa mchanganyiko wa nzito na nyepesi, ndiyo.

Muda wangu umekwisha. Nyuzi nitaziacha hapa mezani, zipo za kutosha kila mtu. Sukeni mara sita, hesabuni vizuri, kisha mchague wenyewe uzi wa kuchomoa.